Mkono Niliopewa Getini

Mimi sipimi vidole. Nasema mapema ili tusisumbuane. Ukija karakanani kwangu pale Mirongo ukitaka pete, hutaona uzi wala zile pete za kupimia zilizotungwa kwenye kikamba kama funguo za mlinzi wa shule. Utaniamkia, nitakupa mkono, tutasalimiana taratibu kama watu waliolelewa, na ukiuachia mkono wangu nimeshakijua kidole chako. Miaka thelathini na moja nafanya hivyo. Watu wanasema sisi Wahaya tunajisifu. Si kweli. Sisi tunasema ukweli, basi tu ukweli wenyewe ni mzuri.

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiwaambia wateja mpaka Oktoba iliyopita. Kemilembe, mke wangu, mwalimu mstaafu ambaye siku hizi anakaa nami karakanani akitunga hereni za shanga, alikuwa akiyasikia, ananyanyua macho juu ya miwani na kusema, "Iko siku, Nestory." Mimi namjibu kwamba siku hiyo imechelewa sana, labda imepotea njia.

Na nilikuwa na jambo jingine la kujivunia. Pete ya ndoa ikitoka kwangu haijaribiwi dukani. Inakwenda kanisani haijaonja kidole cha mtu, na pale mbele ya mchungaji inaingia yenyewe. Watu walilipenda hilo. Walikuja kutoka Nyegezi, kutoka Ilemela, hata kutoka Sengerema, kwa ajili hiyo tu.

Sasa, mwanzoni mwa Oktoba akaja mama mmoja wa Kisukuma, mnene, mcheshi, anaitwa Mhoja. Alitoa mfukoni kitambaa cha kitenge, akakifungua juu ya meza yangu kwa utaratibu kama anafungua mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na kipande cha bangili ya fedha, kimepinda, kimekatwa pande zote mbili.

Akanieleza. Bangili ilikuwa ya wifi yake, mama yake Ng'washi. Aliinunua mwaka ambao pamba ilikubali, akiwa mke mpya, na hakuwahi kuivua tena. Alipofariki, mkono ulikuwa umevimba kwa ugonjwa, ikabidi bangili ikatwe. Mume wake akaamua kipande kimoja azikwe nacho, kingine kibaki kwa Ng'washi, binti yao wa pekee. Shangazi Mhoja ndiye aliyemlea binti tangu hapo, na sasa binti anaolewa na kijana anaitwa Obedi. Walitaka pete mbili kutoka kwenye kipande kile.

"Ila kuna sharti," akasema. "Binti hataki fedha nyingine iongezwe. Hata kidogo. Anasema mama yake hakuwahi kumuona mkwe wake, basi aje kanisani hivi."

Niliipima kwa macho. Ilitosha pete mbili kamili na si zaidi. Huwezi kupata hata hereni ya mtoto baada ya hapo. Nusu moja ilikuwa na nukta ndogondogo zilizogongwa kwa msumari, safu moja, kama punje za uwele. Nusu ya pili ilikuwa laini kabisa. Nukta zilishafutika, maana ndio upande uliokuwa ukisuguana na mpini wa jembe miaka yote ile. Nikamwambia nitachonga pete ya binti kwenye upande wa nukta, na ya kijana kwenye upande laini. Sitaiyeyusha. Nitaikata, nitaikunja, nitaiunga kwa lehemu niliyoitengeneza kwa unga wa fedha hiyohiyo na chembe ya shaba, maana bila shaba fedha haishiki fedha. Chembe hiyo tu waniruhusu. Akaruhusu.

Akauliza lini awalete wapimwe. Alikuwa na wasiwasi, kwa sababu Ng'washi anakata minofu kwenye kiwanda cha samaki Nyakato, siku sita kwa wiki, na Jumapili ana kwaya mpaka jioni. Obedi naye anachomelea mageti hukohuko, hana muda. Mimi nikacheka. Nikamwambia wasijisumbue, Alhamisi nakwenda Nyakato kununua gesi ya kuchomea, nitawasalimia hukohuko. Salamu moja kila mtu, inatosha. Shangazi Mhoja aliondoka ameridhika, na Kemilembe akanyanyua macho juu ya miwani.

Alhamisi nikaenda. Mlinzi wa kiwanda alinifahamu, mke wake alivaa pete yangu, basi akapeleka ujumbe ndani. Nikasubiri getini. Baada ya muda akatoka msichana mrefu, mabuti meupe, aproni nyeupe, kofia ya nailoni, anavua glavu huku anakimbia kwa sababu amepewa dakika tano. Alipofika akapiga goti kidogo kama Wasukuma wanavyomheshimu mkubwa, akaniamkia, na badala ya kiganja akanipa kifundo cha mkono.

Unajua desturi. Mtu mwenye mkono mchafu hakupi kiganja, anakunja ngumi kidogo na kukupa kifundo, wewe unashika hapo, salamu inakuwa imekamilika bila mtu kuchafuka. Ni adabu nzuri. Lakini mlinzi alikuwa ananitazama, na wauza karanga wawili pia walikuwa wananitazama, nikaona adabu hiyo inaniharibia onyesho.

"Samahani baba," akasema. "Mikono ya samaki hii. Halafu ina baridi."

"Nipe kiganja, mwanangu. Sijaja kusalimia kifundo."

Akanipa. Kilikuwa baridi kama chupa ya soda iliyolala kwenye friji. Nikakishika taratibu, nikamuuliza habari za kazi, nikamuuliza habari za kwaya. Kidole kilikuwa chembamba, kama cha mwanafunzi. Nikakiweka kichwani. Nikamwachia akarudi mbio.

Obedi nilimkuta mbali kidogo, chini ya mabati, saa saba ya mchana, jua la Oktoba limesimama wima. Zamani kijana huyo alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma na soda kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo; daraja lilipofunguliwa foleni ikafa, akaja mjini kujifunza kuchomelea. Anaeleza mwenyewe huku anacheka, hana kinyongo na daraja. Tangu asubuhi alikuwa akinyoosha nondo kwa nyundo. Naye akanipa kifundo, mkono umejaa masizi. Naye nikamkatalia. Kiganja chake kilikuwa cha moto, kinene, vidole vimejaa damu. Nikakiweka kichwani na chenyewe, nikanunua gesi yangu, nikarudi nyumbani.

Kazi niliifanya kwa wiki moja, na nitasema wazi, niliifurahia. Kuna fedha nyingine ni kaidi, unaipasha moto inakununia, unaigonga inapasuka. Ile ilikuwa laini. Nadhani kitu kikivaliwa miaka mingi hivyo kinajifunza kutii. Nilipokunja ile ya binti nukta hazikupotea hata moja, zilizunguka pete nzima zikakutana. Ile ya kijana ilikuwa pana na tupu, nikaing'arisha kwa mchanga laini mpaka Kemilembe akaitumia kujitazamia jino. Unga wote uliodondoka niliukusanya kwa unyoya, nikauweka kwenye kikopo cha dawa ya macho, kwa sababu niliahidi.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, saa sita mchana, Shangazi Mhoja akaja kuchukua pete akiwa na Ng'washi mwenyewe. Binti alishachukua likizo tangu Jumatatu. Alikuwa amepakwa hina, amesukwa, anang'aa. Mle karakanani walikuwamo wateja wengine wawili, na Shangazi akaanza kuwahutubia. Kwamba huyu fundi hapimi. Kwamba alimshika mtoto mkono mara moja tu getini, basi. Kwamba hajawahi kukosea tangu azaliwe. Mimi nikawa nasema aah, jamani, huku natamani aendelee.

Nikawapa kisanduku. Ng'washi akapiga goti, akanishukuru, akanipa mkono wa kuagana. Safari hii kiganja, kwa sababu mikono ilikuwa safi.

Kiganja kilikuwa cha joto, kimejaa, na kile kidole cha pete hakikuwa kile nilichokiweka kichwani. Kilikuwa kinene zaidi. Si kidogo. Nilijua palepale, kama unavyojua umesahau ufunguo ndani wakati mlango unajifunga.

Na nikanyamaza.

Nataka niliseme hili bila kulipamba. Ningeweza kusema, mwanangu, hebu subiri. Lakini wateja wawili walikuwa wananitazama, Shangazi bado alikuwa ananisifu, na mimi sikutaka kupoteza sifa ya miaka thelathini na moja. Nikajiambia labda ni hina. Nikajiambia labda mkono wangu leo umechoka. Wakaondoka na kisanduku.

Kemilembe akaniletea ndizi na maharage, nikazitazama. Mimi nisipokula ndizi, mke wangu anajua kuna msiba. Akasubiri wateja waondoke, akavua miwani.

"Sema."

Nikasema. Hakucheka, na hilo liliniumiza kuliko kama angecheka. Akaniuliza maswali, moja baada ya jingine, kama ananisahihishia daftari. Mkono wa binti niliushika wapi? Getini. Alikuwa anatoka wapi? Ndani. Ndani anashika nini? Samaki. Samaki wanakaa kwenye nini?

"Kwenye barafu," akanijibia mwenyewe. "Kutwa nzima. Mtu akishika barafu kutwa, vidole vinasinyaa. Hata mimi nikifua asubuhi ya baridi pete yangu inacheza. Na alikuambia mikono ina baridi."

"Aliniambia."

"Ukamjibuje?"

Kemilembe akainuka, akachukua kikapu cha sokoni, akaanza kupanga humo msumeno wangu mwembamba, koleo, nyundo ndogo, kile chuma cha kupimia pete ambacho nilikuwa nakitumia kukunjia tu, kitochi cha gesi, na kikopo cha dawa ya macho. Akakiweka kikapu miguuni pangu. Nikasema labda tusubiri, labda itaingia kwa sabuni. Akasema, "Nestory, mkono umekuambia. Unabishana na mkono?"

Nikapanda bodaboda, kikapu mapajani, mzee mzima.

Nyumba ya Shangazi Mhoja haijifichi, iko nyuma ya maghala, na kwa kawaida nyumba ya harusi unaisikia kabla hujaiona. Nilipokaribia sikusikia kitu. Nilikuta wanawake kama kumi uani, sufuria ziko motoni, viazi vimemenywa nusu, na hakuna anayeimba. Watoto walikuwa wamefukuzwa. Shangazi Mhoja akaja kunipokea, akaniamkia kwa Kisukuma, mwadila baba, lakini uso ulikuwa umeanguka.

Walikuwa wameijaribu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshindwa kuvumilia, alitaka tu kuona nukta zikiwa kidoleni. Pete ikafika kwenye kiungo ikagoma. Wakapaka sabuni, wakapaka mafuta, ikagoma. Ng'washi alikuwa chumbani analia.

Nikafungua mdomo kuomba radhi, na Shangazi akanizuia kwa mkono. Alikuwa ananihurumia mimi.

"Wewe huna kosa, fundi," akasema. "Wewe hukosei, mji mzima unajua. Ni mama yake. Mama yake ndiye hataki."

Akanieleza kwa sauti ya chini walichokubaliana. Harusi ingesimama. Baba wa binti, ambaye alikuwa njiani kutoka Magu, angepigiwa simu arudi, aende kaburini, aulize marehemu amechukizwa na nini. Labda hakupenda bangili ikatwe mara ya pili. Labda hampendi kijana. Wangesubiri wiki, wangesubiri mwezi, hawakujua. Mchungaji angepigiwa baada ya baba.

Nilisimama pale na kikapu changu nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Sifa yangu niliyoijenga kwa mdomo miaka yote hiyo ilikuwa imepata mtu wa kuibeba, na mtu mwenyewe alikuwa kaburini, hawezi kujitetea. Kwa kuwa fundi hakosei, basi amekosea mama. Na nitakiri kitu kingine. Kwa muda mfupi, kama kufumba jicho, nikaona mlango umefunguliwa. Hakuna aliyenilaumu. Ningeweza kusema poleni, nikaenda zangu.

Nikamwomba Shangazi anipeleke kwa binti.

Ng'washi alikuwa amekaa kitandani, kidole chekundu kwa kusuguliwa, pete iko kwenye kiganja cha mkono mwingine. Alitaka kupiga goti kuniamkia, nikamzuia. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Mama yako hajakataa kitu," nikamwambia. "Mama yako hajasema neno. Aliyekosea ni mimi."

Akanitazama. Shangazi akaguna nyuma yangu, akasema baba una moyo mwema, lakini usijibebeshe. Aliamini kweli kwamba namfariji mtoto. Nikajaribu kueleza habari za barafu, na nikaona maneno yanapita juu ya vichwa vyao, kwa sababu ukishajisifu vya kutosha watu hawakuamini tena hata ukijishtaki. Basi nikauliza kama kuna jirani anauza barafu.

Ikaletwa ya mifuko, minne, ikapasuliwa kwenye beseni. Nikamwambia Ng'washi aingize mkono. Wanawake wote wakaja kujaa mlangoni, mmoja bado ana kisu cha viazi. Tukasubiri. Ng'washi alitulia kabisa, kama mtu aliyezoea, akasema hii ni ndogo, kazini inafika hapa, akaonyesha karibu na kiwiko. Baada ya muda nikamwambia atoe mkono, akaufuta. Nikaichukua pete nikaisukuma taratibu. Ikafika kwenye kiungo. Ikapita. Ikakaa kwenye kidole kama ilizaliwa hapo.

Kisha yule mwenye kisu cha viazi akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kumbe marehemu anapenda baridi." Shangazi Mhoja akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na wote wakacheka, wakanicheka mimi, na nilistahili.

Ng'washi hakucheka. Alikuwa anaitazama pete.

"Kwa hiyo mama hajakataa," akasema.

"Hajakataa."

"Na wewe fundi ulikosea."

"Nilikosea. Uliniambia mikono ina baridi, nikakupuuza. Na leo mchana, uliponiaga, nilijua, nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu."

Akafuta uso kwa mkono wa pili. Akasema amenisamehe, lakini sasa kesho itakuwaje, hawezi kwenda kanisani na beseni.

Swali zuri. Kuipanua kwa nyundo nisingeweza. Fedha ingekuwa nyembamba na nukta zingelala chini, zingekufa. Ilibidi niikate na kuweka kiraka, na kiraka kinatoka wapi? Fedha nyingine alishaikataa. Kwenye kikopo mlikuwa na unga wa kuungia tu. Nikakaa kwenye ile ndoo nikaanza kukata tamaa, na hapo ndipo nilipomkumbuka yule mwingine. Jua la saa saba. Nyundo tangu asubuhi. Kiganja cha moto.

"Muiteni Obedi," nikasema.

Obedi akaja mbio, ameambiwa kuna tatizo hajaambiwa lipi, ametoka kunyolewa, nusu ya ndevu bado iko. Shangazi akakataa asiingie, bwana harusi hamuoni bibi harusi siku ya kuamkia harusi, hata dunia ipinduke. Basi akasimama nje nyuma ya nyumba na kuingiza mkono kupitia dirisha la jikoni. Hakuwa amefanya kazi siku mbili. Mkono ulikuwa mkavu, umetulia. Nikamvisha pete yake. Ikaingia, ikazunguka, na alipoinamisha mkono ikadondoka kwenye sufuria ya maharage.

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kosa langu mwenyewe.

Wakaitafuta kwa mwiko, wakaiosha. Nikatoka uani, nikaomba stuli na jiko la mkaa, nikapanga vifaa vyangu mbele ya watu wote. Sikutaka kwenda na pete Mirongo. Nilitaka Shangazi Mhoja aone kwa macho yake kwamba hakuna fedha inayoingia wala kutoka. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu, ameweka mikono magotini kama msimamizi wa mtihani.

Kwanza nikapima. Ndiyo, nilipima, kwa uzi, mbele za watu. Kidole cha Obedi kikiwa kimepoa, kidole cha Ng'washi kikiwa kimepata joto. Nikaikata pete ya Obedi, nikatoa kipande kidogo, urefu wake kama punje ya mchele, nikaiunga tena. Kisha nikaikata pete ya Ng'washi pale nukta zilipokutana, nikakiweka kile kipande katikati, nikapaka unga wa kikopo, nikawasha kitochi. Kuna wakati lehemu inaposhika fedha inapita mng'aro mmoja tu, haraka, na kama hukuuona hujui kama imeshika. Shangazi aliuona. Aliinua kidole kunionyesha, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi.

Pete ilipopoa nikaisafisha nikampelekea Ng'washi. Ilikuwa na nukta kuzunguka kote isipokuwa pale penye kiraka, pamekaa patupu, laini. Nikamwambia ninao msumari, naweza kugonga nukta mbili hapo zilingane na nyingine, haitachukua hata dakika. Akapitisha kidole juu yake.

"Hapa ni pale jembe lilipokuwa likisugua," akasema.

"Ndiyo. Na ni kipande cha pete ya Obedi."

"Basi usipaguse."

Akaivaa. Ikaingia, kwa kusita kidogo kwenye kiungo kama pete ya heshima inavyopaswa. Akaivua upesi kabla Shangazi hajalalamika. Nje wanawake walikuwa wamesharudi kwenye viazi, na mmoja akaanzisha wimbo, na mwingine akampigia simu baba wa binti kumwambia asigeuze gari, aje, na aje na hamu ya kula. Niliondoka jua likiwa bado juu ya ziwa. Walinipa sahani ya maharage ya kula nyumbani, wakanihakikishia hayana pete.

Kesho yake nilikaa kanisani kiti cha nyuma na Kemilembe, nimevaa suti ya buluu. Miaka yote nilikuwa nahudhuria harusi za pete zangu kama mtu anayekwenda kuchukua zawadi. Siku hiyo nilitoka jasho. Mchungaji akaziinua pete, akazibariki, Obedi akaishika ile ndogo, na mimi nikamshika mke wangu mkono mpaka akaniambia nimwachie, namuumiza. Ikaingia. Ya Obedi nayo ikaingia, ikatulia. Vigelegele vilipopigwa na mimi nilipiga, mwanamume mzima, na sijali aliyeniona.

Walipotoka nje, baba wa Ng'washi, mzee mkimya mwenye koti kubwa, aliletwa kwangu na Shangazi Mhoja ambaye alikuwa amemsimulia yote, pamoja na maharage. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akaushikilia muda mrefu. Ilikuwa mikono ya mkulima, migumu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze ufundi nilishika mkono wa mtu bila kufikiria kidole chake.

Siku hizi karakanani kwangu kuna uzi. Kuna na zile pete za kupimia kwenye kikamba, Kemilembe ndiye aliyeninunulia, akazitundika msumarini mahali ambapo kila mteja anaziona. Kabla sijapima namuuliza mtu kazi yake, anashika nini, ametoka wapi sasa hivi. Wanaokanda chapati nawaambia warudi jioni. Mama ntilie mmoja nilimwambia aje Jumapili, akadhani namtongoza. Kila pete inajaribiwa. Wateja hawakupungua, na hilo lilinishangaza kidogo, na kuniudhi kidogo pia, nisiwe mwongo.

Gesi yangu bado nanunua Nyakato. Mwezi uliopita nilipita pale kiwandani nikamwomba mlinzi anisalimie bibi harusi wetu. Akatoka mwenyewe, mabuti meupe, aproni, anavua glavu huku anakimbia, ana dakika tano. Kazini hawaruhusiwi kuvaa pete, basi ameitunga kwenye uzi shingoni, ndani ya nguo. Aliivuta nje kunionyesha, akanionyesha na pale patupu, kisha akairudisha ndani.

Wauza karanga walikuwepo. Mlinzi alikuwa anatutazama. Ng'washi akapiga goti, akaniamkia, akakunja mkono wake uliolowa na kunipa kifundo, pale ambapo mtu huvaa bangili.

Nikakipokea.